Mkono wa Kulia wa Bi Jaza

Jina la Bi Jaza alipewa na wapiga sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, wa chuo cha muziki, naye akalipokea kama sifa. Kazi yake chuoni ilikuwa kuwasindikiza wanafunzi na walimu kwa kinanda, na pale alipong'ara hasa ni kwenye muziki wa Baroki, ule wa Ulaya ya zamani, ambao watunzi wake hawakumwandikia mpiga kinanda kila kitu. Walimwachia mstari mmoja wa besi, yaani sauti ya chini, na chini ya noti wakaweka tarakimu. Mkono wa kushoto unapiga kilichoandikwa. Mkono wa kulia unajaza wenyewe, papo hapo, kwa kufuata zile tarakimu na kwa kusikiliza wenzako wanaelekea wapi. Asiyeijua kazi hii akitazama karatasi huona uwanja mtupu. Bi Jaza aliona nyumba nzima, na mkono wake wa kulia ulipita ukiwasha taa chumba baada ya chumba.

Tatizo ni kwamba mkono ule haukujua kazi inaishia wapi. Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa akirudi nyumbani amechoka, anaketi, anavua viatu, anaanza, "Leo tumempeleka mzee mmoja..."

"Mkakuta hakuna kitanda," Bi Jaza anamalizia.

"Kitanda kilikuwepo."

"Sasa umenunia nini?"

"Sijanuna, mama watoto. Nilikuwa natafuta neno."

Aliongeza chai kwenye vikombe ambavyo havijafika nusu. Mgeni akinyamaza kidogo apumue, Bi Jaza alimletea swali. Hakuwa mtu mbaya. Majirani walimpenda, na mtu akipatwa na shida alikuwa wa kwanza mlangoni. Lakini wema usioweza kusubiri una kero yake, na mara nyingi ndani yake kuna kiburi ambacho mwenyewe ndiye wa mwisho kukiona. Mtu anayemjibia kila mtu amekwisha kuamua moyoni kwamba wengine wanachelewa.

Binti yao alipiga fidla. Alikuwa amerudi kutoka masomoni, akakaa mwaka mzima bila ajira, akizunguka nyumba kwa nyumba kufundisha watoto wa watu ambao wengine walikuwa wakijifungia chooni wakimwona ameingia. Sasa chuo cha mama yake kilikuwa kimetangaza nafasi moja ya ualimu, naye akaitwa kwenye usaili. Utaratibu wa chuo ulijulikana: mwombaji anatoa somo ukumbini mbele ya Mkuu wa chuo na wanafunzi, anapiga muziki unaoeleza somo lake, kisha anaulizwa maswali hapo hapo, mbele ya wote. Mada aliyopewa ni tofauti kati ya muziki wa Baroki na ule wa kipindi kilichoufuata, Klasiki.

Alipanga vizuri. Kwanza kipande cha Baroki cha fidla mbili, sello na kinanda. Kisha sehemu moja ya simfoni ya Klasiki, muziki wa okestra nzima, iliyopunguzwa ili itoshe ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla, na sello. Kinanda alimwomba mama yake. Angemwomba nani mwingine?

Mazoezi yalifanyika kwenye chumba cha nyuma, chenye stendi za noti zilizofungwa utepe wa gundi miguuni na dirisha moja lisilofunga sawasawa. Chuo hakikuwa na harpsikodi, kile kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, kwa hiyo Bi Jaza alitumia kinanda cha umeme chenye kitufe cha kuiga sauti yake. Kitufe kilishika vumbi, ikabidi kibonyezwe kwa kidole gumba na kwa hasira kidogo.

Baroki ilikwenda kama maji. Besi ilitembea bila kusita, fidla mbili zikafukuzana juu yake, na Bi Jaza katikati akishikilia kila kitu kwa mkono wa kulia, mara akimwaga sauti tele, mara akitupia pambo dogo pale fidla inapovuta pumzi. Mpiga sello, ambaye mchana alikuwa karani wa benki na hata kwenye muziki aliitwa Karani, alifuta jasho akacheka.

"Dada, ukiwa nyuma yangu najiona nina miguu minne."

"Ukitumia hiyo miwili vizuri inatosha," Bi Jaza alimjibu, lakini alifurahi.

Wakageukia Klasiki. Bi Jaza hakuinuka.

"Mama," binti alisema, "hii haina sehemu ya kinanda."

"Najua. Lakini miaka ya mwanzo ya Klasiki wapiga kinanda walikuwa bado wanakaa na okestra na kujazia. Umesoma mwenyewe."

"Walikaa kwa mazoea. Watunzi walikuwa wameshaanza kuandika kila sauti wanayoitaka. Hakukuwa na cha kujaza."

"Mazoea nayo ni historia."

"Huo ni mtihani wa mdomo," Karani aliinama kukaza upinde wake, "na mimi sikujiandikisha."

Wakakubaliana Bi Jaza akae tu, asikilize, mikono mapajani. Muziki ukaanza. Ulikuwa mwepesi na msafi, wimbo wa fidla ukiuliza jambo na kujibiwa, ukiuliza tena kwa namna nyingine. Kisha ukaanza kupanda taratibu, ukizidi nguvu kidogo kidogo, kitu ambacho Baroki haikukizoea. Baroki ilipenda kuruka kutoka sauti ndogo kwenda kubwa kama mtu anayepanda ngazi. Ukapanda, ukapanda, ukafika kileleni, ukakatika ghafla. Ukimya.

Na ndani ya ukimya ule, sauti nono ya kinanda ikaanguka katikati ya chumba.

Kijana wa viola alicheka kwa pua. Bi Jaza aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Umenitoka," alisema. "Tena."

Wakarudia. Mkono ukatoka tena. Mara ya tatu alikuwa ameukalia, na hata hivyo walipofika pale alijigeuza kwenye kiti kwa nguvu kiasi kwamba kiti kililia. Binti yake akashusha fidla.

"Mama, hapo si shimo. Kwenye Baroki nakubali, besi ikikatika nyumba inaanguka. Kipande kina hali moja ya moyo, inaanza nayo na kwisha nayo, na wewe ndiye unayeishikilia isipoe. Huku muziki unabadili moyo katikati ya safari. Unauliza, halafu unangoja. Mtunzi ameuandika huo ukimya kama alivyoandika noti. Ukijibu wewe, umemnyang'anya anayetakiwa kujibu."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Siku ya usaili, kikianza kipande cha pili, utatoka jukwaani." Binti alivuta pumzi. Angeishia hapo ingekuwa vyema, lakini alikuwa mtoto wa mama yake. "Na hata nyumbani, mama. Tangu nikiwa mdogo sijamaliza sentensi."

Karani alijifanya kutafuta kitu kwenye mfuko wa sello. Kijana wa viola hakucheka safari hii. Bi Jaza alizima kinanda, akakunja waya wake polepole na kwa uangalifu mkubwa, jinsi wafanyavyo watu walioumia.

Jioni ile alipangua kabati la vyombo akalipanga upya, akalipangua tena. Mumewe alikuwa mezani.

"Amenikanya mbele ya watu," Bi Jaza alisema. "Mimi. Niliyemshikisha fidla."

"Alichosema ni uongo?"

"Alisema mbele ya watu."

"Nimekusikia. Nauliza, ni uongo?"

"Sasa wewe uko upande wake."

"Mimi niko upande wa supu. Inapoa."

Kuanzia siku ile Bi Jaza akawa mtu wa maneno mafupi. Akiulizwa alijibu ndiyo au hapana. Mumewe aliachwa amalize hadithi zake za gari la wagonjwa, na akagundua kwamba hazikuwa na mwisho wa maana. Binti alimshukuru mara moja, kwa aibu kidogo, akidhani mama amejirekebisha. Bi Jaza hakumsahihisha. Ndani alikuwa anachemka: akitembea anahesabu maneno aliyoambiwa, akipika anayajibu, akilala anayarudia. Kuna kununa kunakovaa nguo za utii. Kunainamisha kichwa, kunasema "kama ulivyotaka, mwanangu", na kunangoja siku ya kulipiza bila kuonekana. Huo ni uongo kama uongo mwingine, na ni mbaya kuliko matusi, maana matusi angalau mtu anaweza kuyajibu.

Siku ya usaili ukumbi ulijaa. Mkuu wa chuo alikaa safu ya mbele, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, asiyecheka na mtu kazini. Binti alisimama mbele akaeleza somo lake kwa sauti iliyotulia. Alisema mpiga kinanda wa Baroki ndiye uti wa mgongo wa kundi, kwamba anapewa karatasi iliyo nusu na kuaminiwa nusu nyingine, na kwamba bila mkono wake wa kulia muziki ule hausimami. "Sikilizeni mkono huo," aliwaambia wanafunzi, akainua fidla.

Bi Jaza alipiga besi yote, sawasawa, bila kosa. Kwa mkono wa kulia alitoa sauti moja tu nyembamba pale ambapo tarakimu zilidai tatu, na penginepo hakutoa kitu. Hakuna aliyeweza kumshtaki, maana kila kilichoandikwa alikipiga. Hukutaka nijaze? Haya, sijazi, alijisemea moyoni.

Kipande kikaanza kutetemeka kama meza iliyopungua mguu. Karani alimtupia jicho, akauliza kwa midomo, "Vipi?" Mpiga fidla wa pili, mwanafunzi mwenye hofu, alizoea kuegemea sauti zile kujua yuko wapi, akazikosa, akawahi kuingia, kisha akachelewa akijaribu kujisahihisha. Binti aligeuza shingo akamtazama mama yake juu ya fidla. Bi Jaza alikuwa ameliandalia jibu jicho la hasira. Hilo halikuwa la hasira. Lilikuwa linaomba.

Vidole vikamwasha. Alijua ni sauti gani hasa ingemrudisha yule mwanafunzi mahali pake. Ilikuwa chini ya kidole chake cha kati, imelala pale, na kiburi kikamshika kiganja. Mistari ikapita. Aliposhindwa kuvumilia, akaachia mkono, akajaza kwa nguvu zote, lakini ilikuwa ukurasa wa mwisho na kipande kilikuwa kimekwisha kuharibika. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Kama alivyoagizwa, aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akaenda nyuma ya pazia. Binti hakumwangalia.

Klasiki ikapigwa. Bila kinanda, ala nne zilipata nafasi ya kuonekana, kila moja na mwendo wake. Wimbo ukauliza, ukajibiwa. Ukaanza kupanda. Bi Jaza alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Muziki ukafika kileleni ukakatika, na ukimya ukaja. Alisikia feni ya dari. Alisikia mtu akisogeza kiatu. Kisha fidla ya binti yake ikarudi, ndogo, upande ambao hakuna aliyeutazamia, na ukumbi wote ukaonekana kuvuta pumzi pamoja. Bi Jaza hakupata furaha yoyote hapo nyuma ya pazia. Alichosikia kwanza ni wivu. Aibu ikafuata.

Makofi safari hii yalikuwa ya kweli. Yalipotulia, Mkuu alivua miwani.

"Umetuambia mkono wa kulia wa mpiga kinanda ndio unaoisimamisha Baroki. Ukawaambia wanafunzi wausikilize. Mimi niliusikiliza. Nilisikia mifupa isiyo na nyama. Ulitaka tuelewe nini?"

Kutoka nyuma ya pazia Bi Jaza aliuona mgongo wa binti, na upinde ukiwa umening'inia mkononi.

"Ulikuwa uamuzi wangu," binti alisema. "Nilitaka kiwe... chepesi."

"Chepesi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi hukuielewa mada yako. Umeeleza jambo moja, ukapiga kinyume chake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa hapa atatoka akiamini Baroki ni Klasiki iliyokonda."

Bi Jaza alisimama pale na hoja nzuri kichwani: ameambiwa asijibie watu, ameambiwa angoje, na binti, mtu mzima mwenzake, amekwisha kujibu mwenyewe. Hoja ilikuwa safi, na ilimfaa mno yeye mwenyewe. Ndiyo maana aliiogopa. Uongo wa binti ulikuwa wa kumfunika mama, na gharama yake ilikuwa ile nafasi. Hapo hakuna adabu ya kunyamaza. Kuna woga tu. Akasogeza pazia.

"Si kweli," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Hakuniambia nipunguze, Mkuu. Nilipunguza mimi, makusudi."

Mkuu alirudisha miwani. "Katika usaili wa mtu."

"Ndiyo."

"Wa mwanao."

"Ndiyo."

"Sababu?"

Sababu zilimjaa mdomoni: miaka yake yote chuoni, kijana wa viola na kicheko chake cha puani, fidla ya kwanza aliyomnunulia mtoto. Alizimeza. "Alinikanya mbele ya watu, na alikuwa na haki. Basi."

Safu za nyuma minong'ono ikaanza. Mkuu aliinua mkono, ikakoma. Akamgeukia binti.

"Na wewe umenidanganya."

"Ndiyo, Mkuu. Samahani."

"Wanafunzi wa hapa watakudanganya kila wiki, wengine kwa ustadi. Wewe hujui hata kulipamba jambo lako. Siwezi kuamua kama hilo ni baya." Baadhi ya watu walicheka, yeye hakucheka. "Rudieni kipande cha kwanza. Lakini sitaki mama amsaidie binti. Nataka kuona mwalimu akimwongoza mpiga kinanda."

Kiti kikarudi. Binti alikwenda mpaka kwenye kinanda, uso umekaza, akaongea kwa sauti ya kazi, ile anayotumia mtu kwa mgeni.

"Mwanzo jaza tele. Fidla ya pili ikibaki peke yake, punguza, lakini usimwache bila pa kukanyaga. Mapambo hapa na hapa tu. Nikiinua upinde, nisubiri."

"Sawa," Bi Jaza alisema. Alikuwa na mawazo bora kuhusu mapambo. Hakuyasema.

Wakapiga. Nyumba ikawaka taa. Karani akapata miguu yake minne, na mwanafunzi wa fidla ya pili akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile. Mahali pamoja, kabla ya mwisho, palimwita Bi Jaza aweke jambo lake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekwisha kujipanga. Akamtazama binti. Binti akatikisa kichwa, kidogo tu. Bi Jaza akapita bila kuweka, na ilimuuma kama kuacha mlango wazi, na kipande hakikuanguka.

Hukumu ilitoka kabla watu hawajatawanyika. Binti alipewa nafasi, kwa muhula mmoja wa majaribio. "Na wewe, Bi Jaza," Mkuu alisema, "muhula huu hutasindikiza mitihani. Mtu anayeweza kumpunguzia mwanawe makusudi anaweza kumpunguzia mtoto wa mwenzake." Bi Jaza alisema amesikia.

Njiani kurudi nyumbani binti alitembea mbele, fidla mgongoni.

"Sijakusamehe," alisema bila kugeuka.

"Sijaomba."

"Utaomba lini?"

Bi Jaza alisimama. Gari lilipita karibu, likawapigia honi wote wawili. "Nisamehe, mwanangu."

"Nipe muda," binti alisema, wakaendelea kutembea, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Msimu wa mitihani ulipofika, kijana mmoja mhitimu aliitwa kushika nafasi ya Bi Jaza. Siku ya kwanza Bi Jaza alikuja chuoni ingawa hakuitwa, akakaa kwenye benchi la ushorobani akijidai anasubiri kumwona mtunza stoo. Mlango wa chumba cha mtihani haukuzuia sauti. Kijana alikuwa na vidole vyepesi na hofu nyingi. Alikimbia mbele ya mtahiniwa, akajaza mahali pasipotaka, akaacha patupu mahali panapolia. Bi Jaza aliinuka, akakaa, akainuka. Adhabu ikimpata mtu kwa haki, hana budi kuibeba bila kuwaita watu waione, na yeye alikuwa amekuja kukaa pale anapoonekana. Alilijua hilo. Kulijua hakukumtuliza.

Binti yake alipita na lundo la noti kifuani, akasimama.

"Anaharibu, eh?"

"Ana haraka. Akiambiwa asikilize sello badala ya vidole vyake, atakaa sawa."

"Nitamwambia." Binti alihamisha noti mkono mwingine. Uso wake ulikuwa bado haujafunguka wote. "Nenda nyumbani, mama. Ukikaa hapa dakika nyingine utaingia."

Bi Jaza alikuwa ametaka kubisha. Ndani, kijana alikosea tena, pale pale, kosa lile lile. Akachukua mkoba wake akashuka ngazi haraka, karibu kukimbia, kipande kikiwa bado katikati.